Jina la Paka

Paka mdogo ameingia nyumbani kwangu tangu wiki tatu zilizopita, na mpaka leo hana jina. Alimfuata binti yangu kutoka dukani, akapita mlangoni bila kuangalia kulia wala kushoto, akapanda juu ya gazeti nililokuwa nikilisoma, akalala. Wazee husema paka wa nyumba haingwa. Na huyu alikwisha kujifanya wa nyumba kabla sisi hatujakata shauri. Watoto wameleta majina kumi au zaidi. Mmoja anataka aitwe Simba, mwingine anataka aitwe Soksi kwa sababu ya miguu yake minne iliyo myeupe chini na myeusi juu. Kila jina huletwa kwangu nilikubali au nilikatae, maana inajulikana nyumbani kwetu ya kuwa mimi ni mpenzi wa hadithi za picha za magazetini, zile zinazosimuliwa katika visanduku vitatu au vinne, maneno yakiwatoka watu vinywani kama mapovu. Katika hadithi hizo paka ni wengi kuliko watu wenye akili. Watoto hudhani kwamba mtu aliyesoma habari za paka wengi kiasi hicho hawezi kukosa jina moja la kutoa.

Majina ninayo. Kinachonizuia ni jambo lililonipata nilipokuwa na umri wa miaka 12, nalo sijapata kumsimulia mtu.

Tulikaa Mombasa, katika Mji wa Kale, si mbali na Ndia Kuu. Ukuta wa jiko letu ulikuwa ndio ukuta wa ua wa jirani yetu, mzee mmoja aliyefanya kazi ya ukarani bandarini Kilindini mpaka akastaafu. Jina lake sitalitaja, na msomaji ataona sababu. Alikuwa mjane, wala hakujaliwa mtoto. Kila siku baada ya sala ya alasiri aliketi barazani pake na gazeti la Taifa Leo, akalisoma kwa utaratibu usiobadilika: kwanza matangazo ya vifo, kisha bei za vitu, kisha siasa. Alipomaliza alilikunja hata ukurasa wa Juha Kalulu ukakaa juu, akanipa mimi.

Juha Kalulu ilikuwa kazi ya mchoraji Edward Gitau, na watoto wengi wa Kenya walianza kusoma magazeti kwa sababu yake. Mimi niliipenda kwa vituko vyake. Mzee aliipenda kwa jina. "Tazama," aliniambia siku moja, "Juha ni yule mpumbavu wa visa vya Waarabu, ambaye mara nyingine ujinga wake huwashinda wenye elimu. Na kalulu, kwa Wachewa wa Malawi, ni sungura, naye sungura unamjua. Jina moja limebeba mpumbavu na mjanja, na kila ukifungua gazeti hujui leo atatoka yupi." Tangu siku hiyo sikupata kusoma hadithi ya picha bila kujiuliza mwenye jina amelipataje jina lake.

Alikuwa na sanduku la mbao pia, limejaa vitabu na magazeti ambayo mabaharia wa meli za kigeni walimwachia katika miaka yake ya bandarini. Humo ndimo nilimokutana na Garfield, paka mnene wa rangi ya machungwa, mvivu, mlafi, mwenye kuichukia Jumatatu kana kwamba naye huenda kazini. Kutoka kwake nimewafuata paka wengine wa wachoraji mpaka nimekuwa mtu mzima mwenye mvi, na sina budi kukiri kwamba katika kuwasoma nimejifunza majina zaidi kuliko michoro.

Nitawataja wachache tu. Felix, paka mweusi wa Marekani, alianza katika sinema mwaka 1919, na mara ya kwanza hakuitwa Felix bali Master Tom. Mwaka 1923 akaingia magazetini. Jina lake ni neno la Kilatini, maana yake mwenye heri au mwenye bahati. Katika nchi nyingi za Wazungu watu wakimwona paka mweusi akikata njia huhesabu kuwa ni mkosi, kwa hiyo jina hilo ni kama kofi usoni pa mkosi. Sisi nasi hufanya vivyo hivyo tunapomwita Bahati mtoto aliyezaliwa wakati wa dhiki. Peyo, mchoraji wa Ubelgiji aliyevileta duniani mwaka 1958 vile vijitu vya buluu viitwavyo Smurfs kwa Kiingereza, alimpa mchawi Gargamel, adui yao, paka aitwaye Azrael. Jina hilo silo jingine ila Izraili, malaika wa mauti. Nyanya yangu angalisikia paka akiitwa hivyo jikoni mwake, angalitoka nyumbani akaacha chungu motoni.

Yupo na paka wa Charles Schulz. Katika Peanuts, iliyotoka tangu mwaka 1950 hata mwaka 2000, mbwa Snoopy ana jirani paka ambaye hatuonyeshwi. Kinachoonekana ni kazi ya kucha zake, kibanda cha mbwa kinapochanwa vipande. Jina lake ni Vita vya Pili vya Dunia. Likisomwa linachekesha sana. Lakini jaribu, msomaji, kusimama mlangoni jua linapotua, sahani ya mabaki mkononi, ukapaza sauti: "Vita vya Pili vya Dunia, njoo ule!" Mtaa mzima utafunga madirisha. Jina la paka si kitu cha kuandikwa kitabuni kisha kikanyamaza. Litaitwa mlangoni kila jioni kwa muda wa miaka 10 au 15, na litasikiwa na wengi ambao hawakulichagua. Wachoraji hawana shida hiyo, kwa kuwa paka wao huitwa katika karatasi.

Hata hivyo aliyenifikirisha zaidi ni Hobbes, yule chui milia wa kitambaa katika Calvin and Hobbes, hadithi iliyochorwa na Bill Watterson tangu mwaka 1985 hata mwaka 1995. Amepewa jina la Thomas Hobbes, mwanafalsafa wa Uingereza ambaye hakutegemea wema mwingi kutoka kwa wanadamu. Lakini tabia zake, kuvizia kwake na kuruka kwake, Watterson alizichukua kutoka kwa paka wake mwenyewe aliyeitwa Sprite. Basi paka alitoa tabia, mwanafalsafa akatoa jina, na hapana aliyeombwa ruhusa katika wawili hao. Mwanafalsafa hakulalamika. Alikufa mwaka 1679. Hakuwa na ukuta mmoja na mtu yeyote.

Mimi nilikuwa nao.

Mwaka 1988 paka wetu jike alizaa stoo, na katika watoto wake nikaachiwa mmoja, dume. Alikua upesi. Alipata tumbo la mtu mwenye mali, na masharubu meupe yaliyoshuka pande mbili kwa heshima. Kila alasiri alikwenda kulala barazani, jicho moja limefumba na moja limefumbua, akiwahesabu wapita njia. Sikuhitaji kufikiri sana. Barazani pa pili palikuwa na tumbo lile lile, masharubu yale yale na jicho lile lile. Nilimpenda mzee na nilimpenda paka. Nikaona ni haki mapenzi mawili yawe na jina moja.

Nyumbani walicheka. Nyanya peke yake hakucheka. Alisema jina la mtu lina mwenyewe, akaendelea kukuna nazi, nami nikachukua kwamba ameniruhusu.

Sasa paka yule alikuwa na kasoro moja ambayo mzee hakuwa nayo: alikuwa mdokozi. Kifuniko cha chungu hakikumzuia, wala kawa. Shangazi yangu ndiye aliyekuwa mpishi, na Mungu alikuwa amemjalia sauti. Siku paka alipochukua changu mzima aliyekwisha kupakwa ndimu na chumvi, shangazi alimfukuza kutoka jikoni mpaka uani, akilitaja jina kwanza, kisha akiliongezea mwizi, mlafi, asiye haya, mchana kutwa kulala na usiku kudokoa, mzee mzima hana hata aibu. Mimi nilikuwa nikicheka mpaka nikashika mbavu. Haikuwa siku ya kwanza, ila ilikuwa siku ya sauti kubwa zaidi.

Kesho yake nilikwenda barazani kama desturi. Mzee alimaliza vifo, bei na siasa, akalikunja gazeti, akaliweka chini ya paja lake. Nilingoja. Hakunitazama. Siku ya pili ikawa vivyo hivyo. Siku ya tatu aliponiona naja aliinuka akaingia ndani, nami nikasikia komeo likiingia mahali pake.

Nilimwambia nyanya kwamba mzee ni mgonjwa. Aliniuliza mambo mawili matatu, kisha akakaa kimya kwa muda, akaniambia, "Usiku mzee akikohoa, wewe humsikii?"

"Namsikia, nyanya."

"Basi ukuta ule una upande mmoja?"

Sijapata kuona aibu kama ile. Watu wa pwani tumezoea maneno yanayopita njia ya uani. Mwanamke hununua leso, akaivaa, na maandishi yake yakamsema jirani bila mvaaji kufumbua kinywa. Mtu aliyekulia katika mafumbo namna hiyo, akisikia jina lake likipita ukutani pamoja na wizi na ulafi, hawezi kudhani kwamba upande wa pili pana mchezo wa mtoto. Atajiuliza amewakosea nini watu wale. Alikuwa amejiuliza hivyo kwa muda wa miezi, huku akiendelea kunipa gazeti.

Nyanya alikaanga kaimati, akazifunika, akanipa nizipeleke peke yangu. Hakukubali kunisindikiza hata mpaka kizingitini.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba."

Hakunikaribisha kuketi. Nikasema yote nikiwa nimesimama: kwamba jina nilitoa mimi, kwamba halikuwa fumbo, kwamba shangazi alimtukana paka na si yeye, na kwamba nilichagua jina hilo kwa kuwa nilimpenda. Maneno haya ya mwisho yalinitoka kwa shida, maana katika umri ule mtu huona ni fedheha kuyatamka.

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniuliza kama najua somo ni nani. Nilijibu kwamba somo ni mtu mwenye jina moja nawe, kama mtoto aliyepewa jina la babu yake.

"Ndiyo," alisema. "Mimi sikujaliwa mtoto, kwa hiyo sina mjukuu. Ndugu zangu walipata wajukuu, na kila aliyezaliwa nilingoja kusikia ataitwa nani. Wakapewa majina ya babu za upande wa pili. Nikajiambia, huenda Mungu atanipa somo kabla sijaondoka." Akaufunua mfuniko, akazitazama kaimati. "Amenipa. Somo yangu ni paka."

Mpaka leo sijui kama alitaka nicheke. Sikucheka. Alichukua kaimati moja akaila polepole, akapangusa vidole, kisha akaniuliza kwa sauti ya kawaida, "Na yule mnene wa kitabuni, anaitwa nani vile?"

"Garfield, babu."

"Basi huyu wako mwite Ghafili. Ndilo jina lile lile likivaa kanzu. Maana yake aliyeghafilika, asiyeangalia atendalo. Na kila ukimwita, utamkumbuka aliyeghafilika kabla yake."

Ndipo alipoyatoa magazeti ya siku tatu, yote yamekunjwa, Juha Kalulu yuko juu.

Yaliyobaki ni machache. Paka hakulikubali jina jipya. Tulimwita Ghafili miaka tisa na hakugeuza hata sikio. Aliitika lile la zamani tu, ambalo hapana mtu nyumbani aliyethubutu kulitamka. Ikawa desturi kumwita kwa kugonga sahani kwa kijiko. Mzee aliyaona hayo kutoka barazani pake, na nadhani yalimfurahisha. Alifariki mwaka 1994, na tangazo lake lilitoka katika ukurasa ule ule aliouanza kila siku.

Miaka mingi baadaye nilisoma asili ya jina la Garfield, nikatamani kuukimbilia mlango ule. Jim Davis, aliyemchora, alikulia katika shamba huko Indiana, Marekani, pamoja na paka wapatao 25. Alipoanza hadithi yake tarehe 19 Juni 1978, katika magazeti 41, alimpa paka wake jina la babu yake, James Garfield Davis, mtu mkubwa wa mwili na mgumu wa tabia. Babu naye alikuwa amepewa jina la James Garfield, rais wa Marekani aliyeuawa mwaka 1881. Jina limetoka ikulu, likapita kwa babu, likaishia kwa paka mlafi anayekula lasanya na kulala mchana kutwa, na ukoo wa Davis haukuvunjika. Kitendo ni kile kile nilichofanya mimi. Kwao kiligeuka ukumbusho wa babu. Kwangu kilikuwa tusi.

Nilipokuwa kijana nilijiambia kwamba tofauti ni ya mila: Wamarekani wana mzaha, sisi tuna adabu. Sasa siridhiki na jibu hilo. Sisi tuna mzaha mwingi, na Mmarekani naye angeumia akisikia anaitwa mwizi ng'ambo ya ukuta. Ninaona kwamba Davis alitumia kilicho chake. Alikuwa mjukuu, jina la babu lilikwisha kuwa mikononi mwake, na hata akilichezea linabaki katika ukoo. Mimi nilikwenda kwa mtu aliyekuwa na kitu kimoja tu cha kumwachia mtu, nikakichukua bila kuomba, nikakitupa jikoni. Wala mapenzi yangu hayakupunguza uzito wa jambo, kwa kuwa hayakusikika ukutani. Kilichosikika ni sauti ya shangazi.

Katika paka wote wa magazetini yuko mmoja ambaye humkumbuka mzee kila ninapomsoma, ingawa hawafanani hata kidogo. Ni Krazy Kat, aliyechorwa na George Herriman tangu mwaka 1913 hata Herriman alipofariki mwaka 1944. Jina lake lasema kwamba ni kichaa, na huenda ni kweli. Anampenda panya aitwaye Ignatz. Panya hamtaki, humtupia matofali kichwani. Na kila tofali linapomwangukia, paka huliona kuwa ni salamu ya mapenzi. Hapo hadithi imekaa kwa miaka 30 na zaidi bila kuchosha. Krazy hupigwa tofali akaona mapenzi. Mzee wetu alitumiwa mapenzi yakamfikia kama tofali, na kwa bahati yangu alikuwa na subira ya kuligeuza mkononi na kulitazama upande wa pili.

Basi hiyo ndiyo sababu ya paka wetu kukaa wiki tatu bila jina. Binti yangu ameshikilia Soksi, na mama yake yuko upande wake. Nililijaribu jana jioni mlangoni kwa sauti ya wastani. Ni jina jepesi, wala mtaani hapana mtu aitwaye hivyo. Nilikuwa karibu kulikubali.

Lakini usiku mwanangu wa kiume alinijia. Yeye ana miaka tisa, naye ndiye niliyempa jina la mzee yule wa Mombasa. Alisema amefikiri sana na amepata jina zuri kuliko yote. Anataka paka aitwe jina lake yeye, ili awe somo yake. Nilimwambia nitamjibu kesho, na kesho yenyewe ndiyo leo, na jua limekwisha kutua, na paka amelala juu ya gazeti, na mtoto amesimama mlangoni ananitazama.